Mama kaosha mti wa ua la dada

Jamani, mama yangu ameosha mti wa ua kwa sabuni.

Ni lile ua la sebuleni linalotambaa, aliloacha marehemu dada. Mti niliousimika lipandie niliuzungushia zile nyasi laini zinazoota kwenye mawe ya mtoni, ili mizizi ishike.

Leo natoka kazini, nakuta mti mweupe, nyasi zote zimesuguliwa.

"Ulishaota ukungu, mwanangu. Halafu ua lenyewe hukulifunga."

Mama ni mkulima wa Mabamba. Kwake kila kinachopanda mti ni maharage.

Nikafungua mdomo nifoke. Ndipo nikaona alichofungia: kitenge cha dada. Kile ambacho tangu msiba hakuna aliyekigusa.

Kakichana mwenyewe, vipande vipande.

Sisikii hasira. Sisikii kitu.

Nyie mngesema nini?

Mimi nimesema, "Umefunga vizuri, mama."