Maganda ya Mama Kisu

Shangazi yangu, dada yake baba, watu humwita Mama Kisu. Kazi yake ni kuchuma chaza kwenye miamba iliyo chini ya hoteli, kisha kuwapasua. Kisu chake kifupi kama kidole gumba, na kiganja chake cha kushoto kina makovu mengi kuliko mistari. Miamba ile imemlelea watoto wanne.

Katika usichana wake aliwahi kurudisha maganda mabichi baharini, akidhani anafanya usafi. Kumbe yalikuwa na ugonjwa. Chaza wa mwamba mzima wakafa, na miaka mitatu akaishi kwa kufua nguo za watu. Tangu hapo huyaanika nyuma ya nyumba, akiyageuza kwa reki kama mtu anayeanika mahindi, mpaka yafikishe miezi sita, yawe meupe, hata inzi asiyatake. Ndipo huyarudisha, na chaza wachanga wakaja kujishika juu yake.

Mwenye nyumba yetu haoni hivyo. Kila akija husimama na kitambaa puani.

"Mama Kisu, hii ni nyumba au jalala? Jumamosi nisilikute hilo lundo!"

"Nimesikia, mzee."

Jumamosi hiyohiyo mwenye nyumba alikuwa mwenyekiti wa hafla pale hotelini: watu waje kula chaza, wachange pesa za kuiponya pwani, na saa kumi washuke wote kutupa maganda baharini mbele ya wapiga picha. Shangazi aliitwa kupasua, mimi kuosha sahani. Ukutani palikuwa na bango: GANDA LIRUDI NYUMBANI. Chini yake, maandishi madogo. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo nasoma polepole, na asomaye polepole hufika mwisho. Yalisema maganda yakaushwe juani kwanza miezi sita.

Nikamwambia shangazi. Akafuta mikono, akamwendea mwenyekiti.

"Mzee, haya mabichi. Mkiyatupa leo, mwakani hakuna chaza, nami sina kazi. Hata bango lenu linasema."

Mwenyekiti akacheka, macho kwa wageni. "Mama Kisu, wewe pasua. Utaalamu tuachie sisi tulioandika bango."

"Haya, mzee."

Ile "haya" naijua. Huitoa akishaacha kubishana na kuanza kupanga.

Zikaja hotuba, Mungu azibariki. Mwenyekiti alisoma kurasa nane, akafuatwa na bwana mmoja aliyeanza kwa kusema hana mengi. Nyumba yetu iko nyuma tu ya ukuta wa hoteli. Shangazi akakamata toroli la jikoni, akatoka na maganda mabichi, akarudi na makavu yake ya miezi sita. Safari tatu. Asiye na mengi alipokaa chini, vikapu vya maganda vilikuwa vimejaa na kufunikwa vitambaa vya buluu.

Saa kumi wakashuka, viatu mkononi.

"Jamani, tazameni yalivyo meupe!" mgeni mmoja akashangaa.

"Ni limau," mwenyekiti akamweleza.

Akatupa la kwanza, kamera zikamulika. Aliyepiga makofi kuliko wote ni shangazi.

Jumatatu mwenye nyumba akatufikia kabla ya chai. Harufu ilikuwa imempokea njiani.

"Mama Kisu! Si nilisema lundo liondoke?"

"Lile umeliondoa mwenyewe, mzee. Nimeona picha, umetoka vizuri."

"Na hili?"

"Hili ndilo mlilokula."

Akainama. Palikuwa na vipande vya limau, tishu zenye nembo ya hoteli, na juu kabisa kikadi cha mezani kilichoandikwa MWENYEKITI. Shangazi hakukiondoa, labda alisahau.

Mzee akatazama njiani, huku na huku. "Wale wa picha wanajua?"

"Mimi wa kupasua tu, mzee. Kuhutubia nawaachia nyinyi."

Akaokota kikadi chake, akakifuta kwa kile kitambaa cha puani, akakitia mfukoni.

"Yanakaa hapa mpaka lini?"

"Miezi sita. Imeandikwa kwenye bango."

Akakohoa, akanyoosha shati kama mtu anayefungua kikao. "Basi nataka yakae hapahapa," akaamuru. "Na yageuzwe vizuri!"

"Haya, mzee," shangazi akasema. Reki ilikuwa tayari mkononi.