Pale Alipokuwa Anakosea

Bendi yetu ilikuwa na watu watatu, na Matiliku nzima ilijua kwamba wote watatu hatuna akili timamu. Huku watu wanapenda benga na nyimbo za kanisa. Sisi tukaamua kupiga roki. Mimi nilipiga besi na kuimba, binamu yangu alikuwa kwenye drams, na rafiki yetu, ambaye ukweli ni kwamba ndiye aliyekuwa bendi, alipiga gitaa la solo. Tulifanya mazoezi kwao kila Alhamisi. Mama yake, mwombaji hodari, alikuwa akipita mlangoni na kusema kwa nguvu, ili tusikie, kwamba ameshamwambia Mungu kuhusu hiyo kelele. Tulicheka, tukaongeza sauti.

Kisha rafiki yetu akaugua wiki moja tu, tukamzika.

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na miezi hiyo nilimkasirikia kila mtu, hata yeye. Binamu yangu alipotaja kutafuta mpiga gitaa mwingine, sikumsemesha siku tatu. Nilijaribu kupiga kwa besi solo yake ya wimbo wetu mkubwa. Binamu akanisikiliza kwa adabu, halafu akasema ni kama ng'ombe aliyekwama kwenye tope. Alisema kweli, na hilo ndilo lililoniuma.

Wakati huo mwethya wa akina mama, lile kundi linalolima matuta shamba hili leo na lile kesho, ulikuwa umemaliza kujenga bwawa la mchanga la kuhifadhi maji mtoni. Walitaka sherehe. Mwenyekiti wao akaja kwetu.

"Nyinyi mtatupigia muziki," akasema. "Hata hiyo yenu ya kupiga makelele ni sawa. Siku hiyo tumefurahi."

Nilikubali, lakini nilimwambia binamu yangu waziwazi: tukitoka hapo, bendi imekwisha. Hakubisha. Tulipatana tu kwamba kwenye wimbo wetu mkubwa tutairuka solo: ubeti wa pili ukiisha, twende moja kwa moja kwenye kiitikio.

Tulipiga asubuhi, jua likiwa kali, akina mama wameketi ukingoni na karai zao bado zina saruji. Ubeti wa kwanza ukaenda vizuri. Wa pili pia. Ulipoisha, nikarudi nyuma hatua mbili na kugeukia kushoto, kumpisha rafiki yetu apite mbele, kama nilivyofanya miaka minne. Binamu yangu naye akashusha vijiti. Miili yetu ilikuwa imesahau kwamba hayupo.

Ikabaki jenereta tu ikinguruma. Niliona aibu, nikatamani ardhi inimeze na besi yangu.

Ndipo nikasikia, kutoka katikati ya wale akina mama: "Te-nge te-nge, te-re-re-nge..."

Alikuwa mama yake. Tangu mazishi hakuwa ameimba hata kanisani. Sasa alikuwa amesimama, leso imefungwa kiunoni, anaimba solo ya mwanawe kwa mdomo, sauti kwa sauti. Alipofika karibu na mwisho, pale ambapo kidole cha rafiki yetu kiliteleza kila mara, pale nilipomgombeza miaka yote minne, naye akateleza. Vilevile kabisa. Nilicheka huku nalia, sikujali nani ananiona.

Mzunguko wa pili, wenzake wakamwitikia kama wanavyoitikiana wakilima, wengine wakigonga karai kwa vijiti. Binamu yangu akaingia kwa drams, nikamfuata. Ule wimbo tuliurudia hadi vumbi likapanda na mchungaji aliyekuja kubariki bwawa akavua koti.

Baadaye nikamfuata mama wa rafiki yetu pale alipokuwa anakunywa maji.

"Mwaitu, mama yetu, hiyo umeijulia wapi?"

"Si mlikuwa mnanipigia kila Alhamisi?" akasema. "Mimi nilikuwa naombea iishe." Akapangusa mdomo kwa leso. "Sasa imeisha, na mimi ndio nimebaki nayo." Halafu akaniangalia kwa ukali wake wa zamani. "Alhamisi mnakuja saa ngapi?"

Tulienda saa tisa. Tumeenda kila Alhamisi tangu hapo. Bendi yetu sasa haina gitaa la solo. Ina besi, drams, karai mbili na akina mama wanne, na watu wakiuliza kama hii bado ni roki, binamu yangu anawaambia wamuulize Mungu, ndiye aliyepelekewa malalamiko. Sijawahi kufurahia muziki hivi. Mama huomba kabla hatujaanza, na siku hizi anatuombea sisi.

Juzi tulialikwa Kitui mjini. Tukijaribu vipaza sauti, fundi, mtu mwenye sikio zuri, akatusimamisha.

"Mama, hapo karibu na mwisho kuna noti mnakosea. Turudie kidogo?"

Mimi, niliyeipigia kelele noti hiyo miaka minne, nilikuwa nimeshaweka besi chini nikagombane naye. Mama akanishika mkono.

"Wacha ikae hivyo," akamwambia fundi kwa upole. "Mwanangu alikuwa anakosea hapo. Na sisi tunakosea na yeye."

Fundi akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye mashine yake. Nikaokota besi, tukaanza tena toka mwanzo.