Kitabu cha Kutisha Nilichokinadi kwa Spika

Jamani, hili nalisema mwenyewe kabla hamjasimuliwa na watu wa Kariakoo, maana wao wataongeza chumvi na aibu niliyonayo inanitosha.

Mimi nauza mashuka, na siku zote nimetamani kupata wenzangu wa kusoma nao vitabu, lakini kila nikigusia naambiwa dada, hapa watu wanasoma meseji tu. Basi kwa muuza vitabu chakavu nikakutana na kitabu cha yule mwandishi wa zamani wa majini na makaburi, yule tuliyemsoma shuleni tukaogopa kwenda chooni, tena kitabu ambacho hakuna anayekijua, nikasema hapa nimewapata. Sikukisoma hata ukurasa (wauza mitumba wa Mchikichini wananunua belo limefungwa bila kuona nguo za ndani yake, mimi ni nani), nikaenda dukani moja kwa moja nikarekodi tangazo kwenye spika ile ile ninayonadia mashuka: "Jumapili saa kumi, kitabu cha kutisha, wenye presha bakini nyumbani."

Wakajaa. Mama Naima wa vitenge, Mangi wa masufuria (jina lake halisi hatulijui, Mchaga mwenye duka ni Mangi basi), hadi wateja waliodhani kuna punguzo. Nikaanza kusoma kwa sauti ya kuzimu, na moyoni najua wasipopenda leo hawarudi tena. Sura ya kwanza mtu anapanda mihogo. Sura ya pili mihogo inaota. Hatimaye ikaja mvua, mlango ukagongwa, nikashusha sauti, Mama Naima akanishika mkono, nikafunua ukurasa, kumbe ni jirani amekuja kuazima jembe.

"Hilo jembe lina jini?" Mangi akauliza.

"Subiri," nikamwambia, huku macho yanakimbia mbele kutafuta hata popo, sioni, na spika nje nimesahau kuizima, inaendelea wenye presha bakini nyumbani, hadi mzee mpita njia akachungulia akauliza kwa upole kama kuna mgonjwa. Wakacheka mpaka basi, wakaondoka, nikabaki nakunja mashuka ambayo tayari yamekunjwa. Nilimkasirikia yule mwandishi kama ndugu yangu, nimemwamini hivi halafu ananiletea mihogo.

Jumapili iliyofuata sikutangaza kitu. Nataka kufunga, naona Mangi anaburuta kiti, nyuma yake Mama Naima.

"Hivi yule jirani alirudisha jembe?" Mangi akaniuliza. "Wiki nzima tunabishana."

"Hatarudisha," alisema Mama Naima. "Watu wa aina ile nawajua."

Nikawaambia kitabu chenyewe kibaya.

"Kibaya sana," Mangi akakubali. "Lete leo nisome mimi, tangu niache shule sijashika kitabu."

Nimeapa, sinadi tena kitabu nisichokisoma, hata kiwe cha nani. Ila siku ile Mangi alisoma, kidole juu ya mstari, neno gumu analirudia mara mbili, na hakuna aliyetaka kuondoka.