Jioni ya magitaa Kalangalala: nilikwenda kuimba wimbo wa kaka yangu nikiwa sijui kama yu hai

Wakuu, heshima zenu. Wewe uliyefungua uzi huu, vuta kigoda ukae karibu, maana stori yenyewe ni ya kusikilizwa zaidi kuliko kusomwa. Ni ya kweli na ilinipata mwenyewe.

Ilikuwa miaka ya tisini. Nyumbani kwetu ni Samuye, Shinyanga Vijijini, ila mimi nilikuwa nimepanga chumba Ngokolo, Shinyanga mjini, nikifanya useremala na kupiga gitaa.

Kaka yangu Malale alikuwa amekwenda Geita kuchimba dhahabu. Mwanzo alituma salamu kupitia kwa watu. Baadaye kimya. Nilimfuata huko mara mbili, nikauliza kila kona, "Mnamfahamu Malale wa Samuye?" Hakuna aliyemjua.

Kumbukeni hapakuwa na simu za mkononi. Mtu akinyamaza, amenyamaza.

Baba akafikia uamuzi: tukishauza pamba, tunakaa matanga. Tunamlia Malale bila mwili, kisha mke wake awe huru kuendelea na maisha yake. Mama hakubishana naye. Aliacha kula tu.

Na pamba ilikuwa imeshaanza kuvunwa.

Hapo ndipo nikasikia habari za mzee Karim, mfanyabiashara wa Kihindi mwenye duka la vitambaa Kalangalala, Geita mjini. Uani kwake watunzi wa nyimbo walikuwa wanakutana jioni. Hakuna maiki wala spika. Magitaa makavu, na yeye mwenyewe anapiga kinanda cha kuvuta upepo kwa mkono. Watu kama ishirini hivi kwenye mikeka, chai ya tangawizi inazunguka.

Sheria yao ilikuwa moja: huimbi mpaka utueleze wimbo umetoka wapi.

(Kwa vijana mnaoanza kutunga, hii sheria ni nzuri sana. Ijaribuni. Wimbo ambao huwezi kueleza ulikotoka, mara nyingi bado haujaiva.)

Nikatunga wimbo wa kumtafuta Malale, nikapanda basi. Hesabu yangu ilikuwa kwamba watu wa machimboni watakuwepo, mmoja atalisikia jina.

Aliyeimba kabla yangu aliitwa Mama Neema. Mama mnene, mcheshi, anawapikia wachimbaji machimboni. Alieleza kwamba mteja wake akiwa bado yuko chini ya duara, yaani shimo la kuchimbia, sahani yake anaifunika na kumsubiri. "Nyingine nimezifunua mwenyewe," akasema, "maana mwenye sahani hakupanda tena." Kisha akauimba huo wimbo wa sahani.

Wakuu, nikajiuliza kama sahani ya Malale ilikuwa mojawapo.

Zamu yangu ikafika. Nikaeleza habari za Malale, mama na matanga. Nikaimba. Jina lake nililitaja kila kiitikio.

Nilipomaliza, watu walitikisa vichwa kwa huruma. Jina hilo hakuna aliyelijua. Nilihisi kama nimetoka kumzika kaka yangu kwa mikono yangu.

Mama Neema akanigeukia. "Mwanangu, wimbo mzuri. Lakini huyo Malale huku nani atamjua?"

"Ndilo jina lake, mama."

"Ni jina la kwenu. Huku mtu anafika leo, kesho tumeshambatiza. Mimi nina mteja anaitwa Kwaresma, namlisha kila siku, jina la baba yake silijui. Hebu niambie, alikuwa anafanya nini cha kuchekesha?"

Mzee Karim akadakia, "Na usituimbie tena kama kwaya ya harusi. Umeusugua mno, kijana. Kama meza."

Watu wakacheka. Mimi nikaona aibu, maana ni kweli. Kuna kipande nilikuwa nimekikata nikiona ni cha kishamba. Kwetu kijana anayelima kwa maksai ana wimbo wake wa kuwaimbia. Malale alikuwa na maksai wawili, Meneja na Karani, na wimbo wake alijitungia mwenyewe.

Nikaweka gitaa chini, nikauimba kwa mdomo mtupu:

"Meneja vuta, Karani amelala.
Vuta Meneja, jua limetuona."

Mama Neema akaweka kikombe chini.

"Kumbe unamtafuta Meneja," akasema. "Si ndiye anayeimba hivyo wakivuta kamba ya duara."

"Yuko wapi, mama?"

"Alikuwa anakula kwangu. Akahamia duara la upande wa pili. Halafu lile duara likaporomoka. Sikuuliza ni nani walikuwa chini. Mwanangu, sikutaka kuuliza."

Usiku huo sikulala. Niliwaza nimwambie nini mama.

Asubuhi Mama Neema akanipeleka mwenyewe huko upande wa pili. Tulikuta wanaume wanavuta kamba, na hakuna aliyekuwa anaimba. Nilisimama nyuma ya Mama Neema. Yeye ndiye aliyeuliza, "Meneja yuko?"

Mmoja akaonyesha kidole chini, shimoni.

"Mnamtoa au ndiyo basi?" Mama Neema akauliza.

"Atatoka akimaliza kujaza mifuko, mama; lile duara lilipoporomoka alikuwa juu. Ana nini tena, ana deni la ugali?"

Kamba ikavutwa. Akatokea mtu mwekundu kwa udongo, amekonda. Alikuwa Malale.

"Mama mzima?" akauliza.

"Anakulilia. Mbona kimya?"

"Ningerudi na nini? Nilisema nikipata tu, narudi. Sijapata."

Tuliondoka naye. Tulipofika Samuye, mama alimshika uso wote kwa mikono, kama kipofu. Baba alimtazama, akakohoa, akasema, "Kesho kuna pamba ya kuvuna," akaingia ndani. Matanga hayakutajwa tena.

Nilichojifunza: ukimtungia mtu wimbo, usimpige randa mpaka wanaomjua wasimtambue. Kile unachoona ni cha kishamba huenda ndicho yeye mwenyewe.

Wenye mkasa kama huu waandike hapa chini, nitasoma na kujibu wote.

Na kama una ndugu aliyepotelea machimboni, kwanza kaa na mama yake akufundishe alichokuwa anaimba akiwa kazini. Ukifika huko, anza kuuliza kwa wanaopika.