Nilipanda roller coaster na jogoo wa wakwe

Vijana mlio humu, na wakuu wenzangu kama mpo, hamjambo. Mimi ni nyanya kutoka kijiji cha Tulia. Shule niliacha mapema, lakini uongo sikujifunza popote.

Juzi nilienda Kitui town na mjukuu wangu Mwende. Wazazi wa kijana anayetaka kumuoa walikuwa wanakuja kesho yake. Kwetu, mkwe akila sukuma wiki tu, aibu hiyo utazikwa nayo.

Nikanunua jogoo mwekundu, wa mwisho pale sokoni. Nilimpima kwa mkono. Mikono yangu haijawahi kukosea kuku.

Karibu na soko kulikuwa na roller coaster, ile gari ya kupanda na kushuka kwa vyuma. Mwende, ambaye huniita Susu, yaani nyanya kwa Kikamba, akasema, "Susu, hii utaiogopa."

Mimi? Nikapanda. Jogoo nikamweka kwa kiondo mapajani, nikamfunika na leso. Kamba ya miguu nilikuwa nimemfungulia, asivimbe. Kumwachia mtu, hapana.

Tukashuka kilima cha kwanza. Pale chini, gari ikianza kuinuka, kiondo kikanilalia kama ndama. Nikajiuliza huyu amekula nini.

Halafu tukapita juu ya kilima cha pili, mbio. Kiondo kikawa kama hakina kitu. Hata mimi niliinuka kidogo kwa kiti.

Mikono ikaniambia: jogoo ameenda.

Nikafunua leso niangalie.

Alikuwa ndani, ametulia. Sasa ndio akaenda.

Tuliposhuka nilikuwa namwona mkwe na sukuma wiki yake. Mwende anacheka mpaka machozi.

"Susu, jogoo hakupungua. Pale juu njia inapinda chini na wewe bado unataka kwenda mbele. Kiti kinakutoroka, unajisikia mwepesi. Kule chini kiti kinakusukuma juu, unajisikia mzito."

Nikamwambia elimu hiyo angeileta kabla sijafunua leso.

Mwenye mashine akaja na jogoo kwapani, amemtoa juu ya hema ya chai. "Mama, abiria wako ameshuka kabla ya stage."

Wakwe walikula, wakalamba vidole. Baba ya kijana akauliza huyu jogoo ametoka wapi. Nikasema ametembea.

Nimejifunza hivi: mkono hupima vizuri ukiwa umesimama chini. Kama wewe pia kiti kimewahi kukutoroka, andika hapa chini, usione haya.

Na kwangu nimeshatoa amri: kuku akinunuliwa anapelekwa nyumbani kwanza. Halafu tunarudi kupanda, na kiti cha mbele ni changu.