Mahali pa Bure pa Kuweka Saa za Maji

Mize binti Ussi alikuwa amechoka, na si uchovu ule wa kulala ukaamka umekwisha. Tumboni alikuwa na uvimbe, damu ilimtoka wiki mbili katika kila mwezi, na daktari wa Kilindoni alikwisha kumwandikia barua ya kwenda kupasuliwa Dar es Salaam. Barua ilikaa chini ya godoro tangu vuli. Kila alipotaka kuondoka, bamvua iliingia.

Bamvua ndizo siku maji ya ghuba yanapotoka mbali kuliko kawaida, mara mbili kwa mwezi, na hapo wanawake wanaolima mwani hushuka mashambani kwao kufunga mbegu kwenye kamba. Saa ya maji kutoka na saa ya kurudi, Mize ndiye aliyezijua. Alikuwa na kijitabu cha saa za maji alichopewa na watu wa hifadhi ya bahari, lakini kijitabu kilihesabiwa kwa bandari nyingine, ikabidi aongeze dakika zake mwenyewe, alizozipata kwa kutazama kigingi kimoja miaka tisa. Zamani alipita nyumba kwa nyumba kutangaza. Simu zilipoenea, wakampigia, wanawake thelathini na wawili.

"Mize, leo saa ngapi?"

"Mize, ulisema tatu au nne?"

"Mize, nimekuamsha?"

Mara moja tu hakutangaza, homa ilimlaza. Siku hiyo jirani yake Mwanasiti alikuwa shamba la mbali, ng'ambo ya mkondo. Maji yakaujaza mkondo nyuma ya mgongo wake, akarudi anaogelea na gauni lake, kiroba cha mwani kimekwenda na maji. Hakulaumu. Alisimama mlangoni kwa Mize anachuruzika, akasema, "Leo saa yetu imelala," akaenda zake. Tangu hapo Mize hakuugua tena hadharani.

Walijaribu kundi la WhatsApp. Siku ya tatu saa za maji zilikuwa zimezikwa chini ya dua, picha za maua na mtu anayeuza vitenge, na simu za nusu ya wanawake zikajaa. Ndipo Mize alipokwenda kwa Sospeter, mwalimu wa kompyuta kutoka Bukoba, aliyepanga chumba nyumba ya pili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Nataka mahali pa kuandika saa za maji za miezi mitatu. Mtu afungue mwenyewe, asiniulize mimi."

"Unataka tovuti."

"Nataka kupasuliwa."

Sospeter akamsogezea kiti. Akamweleza kwamba ukurasa wenyewe ni kazi ya jioni moja, shida ni pa kuuweka. Lazima ukae kwenye kompyuta ya watu isiyozimwa usiku wala mchana. Wapo wanaotoza kwa mwaka, na wapo wanaotoa nafasi bure.

"Bure kwa nini?" akauliza Mize.

"Hilo ndilo la kumuuliza kila mmoja wao, mama."

Wa kwanza wa bure, alipowekewa ukurasa, alipendeza sana kwenye simu ya Sospeter. Mize akampelekea anwani Mwanamkuu, mkubwa wa wakulima wa mwani kwa umri, aifungue kwenye simu yake ndogo yenye kioo kilichopasuka. Wakangoja. Likatokea tangazo la kubeti, kisha mwanamke mwenye nguo ya kuogelea, kisha kubeti tena. Saa za maji zilikuwa chini kabisa, na kabla hazijafunguka bando likaisha.

"Mize mwanangu," akasema Mwanamkuu, "maji sijayaona, lakini huyu mwenzetu naona keshaingia majini."

Wanawake walicheka mpaka wakashika mbavu. Mize alicheka kidogo, tumbo likamuuma, akakaa.

Wa pili hakuwa na matangazo. Lakini mwisho wa fomu alitaka namba ya kadi ya benki. "Hakati kitu," alisema Sospeter, "labda wanaofungua ukurasa wakizidi." Mize hakuwa na kadi, na angekuwa nayo asingempa mtu anayesema hakati kitu.

Wa tatu alikuwa mkavu. Herufi nyeusi, karatasi nyeupe, hakuna picha. Kwenye simu ya Mwanamkuu saa za maji zilifunguka kabla bibi hajamaliza bismillahi. Kadi hakutaka. Sospeter akasoma masharti yote, akarudia mstari mmoja.

"Huyu ana jambo lake. Mwenye tovuti asipoingia na neno lake la siri kwa siku thelathini, anahesabu kwamba ameitelekeza. Anaifuta."

Mize akasema, "Kwa hiyo na huyu anataka nimwamkie kama ninavyoamkia maji."

"Anataka mtu yeyote mwenye neno la siri. Ila mimi msinitegemee, mama. Nimeomba uhamisho, barua ikija naondoka."

Ikabidi Mize achague: matangazo, kadi, au kuamkia. Akachagua kuamkia, kwa sababu hilo angalau alilijua. Lakini safari hii aliazimia asiamkie yeye. Usingizi wake wote ulikwisha kuliwa na maji, na kama jambo hili nalo lingerudi kwake, basi angekwenda Dar na kurudi akiwa saa ile ile.

Neno la siri alimpa Mwanasiti. Wengi walishangaa, maana Mwanasiti ndiye aliyepiga simu kuliko wote. Mize alisema, "Mwezi ukiandama, siku mnayofunga kamba ya kwanza, unaingia. Mara moja kwa mwezi, nisikuchoshe."

"Mwezi au siku thelathini?" akauliza Mwanasiti.

"Si ni mamoja?"

Mwanasiti akavuta midomo.

Mwezi wa Ramadhani ulipoandama, Mize alikuwa tayari Dar kwa kaka yake, akingoja zamu ya kupasuliwa. Mwanasiti aliingia siku ya pili ya mwezi. Simu ya Mize haikulia. Wiki ya kwanza aliitikisa kuona kama imekufa. Wiki ya tatu akapasuliwa, na baada ya hapo alilala kwa namna ambayo hakuwa amelala tangu usichana.

Asubuhi ya Idi mosi, yuko wodini, ukaingia ujumbe wa yule mwenye kutoa nafasi bure: Umebakiza siku moja. Kesho saa kumi jioni tovuti yako itafutwa.

Hapo ndipo alipoona kosa lake. Mwezi unaofuata Ramadhani unaandama na Idi, na siku tatu za Idi hakuna mwanamke anayefunga kamba. Yeye aliwafunga kwa siku ya kamba, na siku ya kamba ingekuja baada ya siku ya kufutwa. Siku ya nne wangeshuka wote, bamvua ikiwa bado kali, na ukurasa haupo.

Akafungua mahali pa kuingilia. Akaandika jina. Kidole kikasimama juu ya neno la siri.

Kuingia kungechukua nukta chache. Lakini huko kijijini wasingejua, wangeona ukurasa upo tu, na mwezi ujao upo tu, na nyuma yake yupo Mize na kidole chake, mpaka kaburini. Akafikiri pia gauni la Mwanasiti lilivyochuruzika mlangoni. Mwisho akakata shauri: kesho saa tisa alasiri atafungua. Akikuta hakuna aliyegusa, ataingia mwenyewe, atanyamaza, na mambo yatabaki kama yalivyokuwa.

Nesi mmoja, Goodness, alimletea pilau ya Idi kutoka kwao ingawa yeye ni Mkristo. "Kula, bibi, mbona unaitazama simu kama ina deni lako?" Mize akala vijiko viwili.

Siku ya pili, saa tisa, akafungua.

Saa za maji zilikuwepo. Juu yake kulikuwa na mistari ambayo hakuiandika yeye:

"Idi mubaraka. Mize bado yupo Dar anakula kuku. Nimehesabu siku kwa mafundo ya kamba, si kwa mwezi, maana mwezi hauna adabu. Keshokutwa maji yanatoka saa tatu na nusu, shamba la mbali mrudi kabla ya saa sita. Mwanasiti. Msimpigie."

Mize akahesabu kichwani, akaongeza dakika za kigingi. Kwa hesabu yake ilikuwa saa tatu na dakika thelathini na tano. Mwanasiti alikuwa amepunguza dakika tano, kwa tahadhari yake.

Akataka kumwambia. Akashika simu, akaiangalia, akaizima kabisa, akaiweka chini ya mto. Kisha akajigeuza taratibu, asiuguse mshono, akalala mchana kweupe.