Chozi Wangu na Asali ya Mzee Njeru

Nani alinituma kulisha ndege? Mwezi wa tisa, mbayuwayu walipoanza kuwasili kutoka Ulaya, mimi mwalimu mzima nilinunua darubini, nikatundika chupa za maji ya sukari uani kwangu Gachoka. Nilitaka chozi, wale ndege wadogo wanaofyonza maua. Mchana niko darasani. Jioni nikirudi, chupa tupu! Nyuki wachache waliobaki pale niliwafukuza kwa gazeti. Walimu wenzangu walichoka na majigambo yangu: "Chozi wangu wanamaliza kilo mbili za sukari kwa wiki!"

Jumamosi moja, jirani yangu Mzee Njeru, mfugaji wa nyuki, alipeleka mahari ya mwanawe. Kwetu mahari bila asali si mahari. Na msemaji wake nani? Mimi. Baba wa msichana akaonja asali, akatema.

"Njeru, unatuletea sukari?"

"Haki ya Mungu, nimeitoa kwa mizinga yangu! Sijui hao nyuki wamekula nini!"

Kisha mwalimu Muthoni, mwenzangu shuleni na shangazi wa msichana, akanigeukia.

"Mwalimu, hao chozi wako, umewahi kumwona hata mmoja?"